Sekunde Kumi na Moja za Mihayo

Kwa mara ya kumi na saba, Mihayo alitokea ubavuni mwa behewa la mahindi, akaingia katikati ya reli, akasimama mbele ya kichwa cha treni na kuinua mkono wa kulia. Alisimama hivyo sekunde kumi na moja. Kisha kichwa cha treni kikaondoka.

Tusekile Mwambene aliisimamisha rekodi hapohapo. Kilichofuata alikwisha kukiona mara moja, na mara moja ilimtosha.

"Mtu mzima na koti lake la rangi ya chungwa, jua la saa nne asubuhi," alijisemea. "Hata bibi yangu na mtoto wake wa jicho angemwona."

Tusekile hakuwa mtu wa kuamini haraka. Alikuwa mhandisi wa programu, kazi inayomlazimu mtu kushuku hata kile kilichomfurahisha jana. Sokoni aligonga kila tikiti maji mara tatu, na nyumbani mlango alioufunga kwa mkono wake mwenyewe aliurudia kuujaribu. Kwa hiyo Shirika la Reli ya Nyanda lilipomtaka aandike ripoti ya kitaalamu kwa ajili ya tume ya uchunguzi, alianza kwa kumshuku yule aliyeshukiwa na kila mtu, yaani Nyamizi Lusasi, dereva wa kichwa kile cha treni.

Nyamizi hakuwa ndani ya treni. Katika yadi ya Ngombelo hapakuwa na dereva ndani ya treni kwa miaka sita sasa. Wote walikaa ukumbini, kila mmoja na meza yake, vishikio vyake na skrini pana iliyomletea picha ya kamera ya mbele. Walipohamishiwa huko, wafunga mabehewa waliwekewa sharti jipya. Zamani dereva alitoa kichwa dirishani, wakatazamana, mambo yakaisha. Sasa mfunga mabehewa, kabla ya kuingia kati ya treni na behewa, alitakiwa asimame mbele ya kamera, mkono juu, tuli, mpaka honi ilie. Honi ilimaanisha kwamba dereva amemwona na hatasogea mpaka amalize kazi yake.

Siku ile honi haikulia, na Mihayo, mfunga mabehewa aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na minane, alipoteza mguu wa kushoto chini ya goti.

Nchi ya wakati huo ilikuwa na sheria kwamba rekodi ya mashine ndiyo shahidi wa kwanza, na anayeipinga atafute ushahidi mwenyewe. Tena Nyamizi alikuwa amejichongea. Wiki tatu kabla ya ajali, Mihayo alimsema mkutanoni kwamba anapiga honi kivivu, Nyamizi akavuliwa uongozi wa zamu. Alitoka mkutanoni amefura, akasema mbele ya watu wasiopungua ishirini, "Yule mzee atanitambua!" Polisi waliliandika neno hilo na kulipigia mstari. Uzembe ukasahauliwa, wakaanza kuzungumzia kukusudia kuua.

Askari wa kike alimleta Nyamizi kwenye chumba cha mikutano asubuhi hiyohiyo. Alikuwa msichana mrefu wa miaka ishirini na sita, macho yamemvimba.

"Ulikuwa unaangalia nini?" Tusekile alimuuliza.

"Skrini, dada."

"Au simu?"

"Simu tunaziacha mlangoni. Si unajua."

"Basi ulimwona."

"Sikumwona. Reli ilikuwa tupu."

Tusekile alimgeuzia rekodi. Nyamizi akaitazama mpaka Mihayo alipoinua mkono, kisha akatazama pembeni.

"Hii siyo niliyoiona mimi."

"Ni kamera ileile, Nyamizi."

"Mambo ya kamera siyajui. Nakwambia niliyoyaona. Reli tupu, nikavuta kishikio, kichwa kikaanza kuondoka, ndipo akatokea. Tena hakuja kwa kutembea, dada. Alitokea mzima mzima, mkono juu, kama mtu aliyekuwepo pale tangu asubuhi. Nikafunga breki."

"Na lile neno lako, kwamba atakutambua?"

Nyamizi alicheka kicheko kibaya. "Mke wake ni shangazi yangu. Nilikuwa naenda kumsemea nyumbani, alale njaa siku mbili. Basi."

Tusekile hakumwamini. Mtu akiwa kizuizini hukosi kumsikia ana shangazi. Hata hivyo, msichana alipoondolewa, alifungua tena takwimu za kisanduku cha rekodi, kinachohifadhi picha na kila mvuto wa kishikio. Kishikio kilivutwa, na sekunde moja na nusu baadaye breki zikafungwa kwa nguvu zote. Alikaa akizitazama namba hizo kwa muda mrefu. Aliyekusudia kumponda mtu asingefunga breki mapema kiasi hicho, na aliyekuwa ameduwaa akitazama dari asingewahi. Shuku zake zikakosa pa kukaa, na hali hiyo ilimkera kuliko uongo wenyewe.

*

Hospitalini Mihayo alikuwa amekaa kitandani, shuka limelala bapa mahali mguu ulipopaswa kuwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea karatasi nyingine za kusaini?"

"Hapana, mzee wangu. Nimekuja kuuliza tu. Siku ile ulisimama vipi?"

Mihayo alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Nilisimama kama tulivyofundishwa. Hawa vijana wetu wakifika mbele ya kamera wanapunga mikono, wanarukaruka, eti dereva awaone upesi. Mimi siruki. Sharti linasema tuli, nasimama tuli. Hata nzi alinitua mdomoni nikamwacha."

"Yadi ilikuwaje?"

"Kimya. Wenzangu walikwenda kunywa chai. Tulibaki mimi na treni."

"Na Nyamizi? Unadhani alikusudia?"

Mzee alilikunja pindo la shuka na kulikunjua.

"Mke wangu hali chakula," alisema mwishowe. "Anasema mtoto wa kaka yake hawezi kufanya hivyo. Nami sina ugomvi na binti, nilimsema kazini kwa sababu ya kazi. Lakini muda wote ule alikuwa ananitazama. Kama alikuwa ananiona, wewe ungefikiri nini?"

Tusekile aliaga. Njia nzima ya kurudi yadini aliligeuzageuza lile neno "kama". Alikumbuka jinsi timu yake ilivyozijaribu skrini zile mwaka uliopita, meza zote zilipowekewa vichakataji vipya vya kompyuta. Walipita mbele ya kamera, wakapunga mikono, siku ya mwisho wakacheza muziki kwa furaha. Kila kitu kilionekana sawasawa. Hakuna hata mmoja aliyesimama tu bila kufanya lolote, maana nani angeliita hilo jaribio?

*

Kesho yake mchana, wenzake walipokwenda kula, alijifungia kwenye karakana ya majaribio. Ilikuwa na meza kama zile za ukumbini, yenye vichakataji vilevile vipya. Aliielekeza kamera kwenye sakafu tupu, akazima feni ili hata karatasi isipeperuke, akachukua ndoo nyekundu ya kupigia deki na ufagio wenye mpini mrefu.

Ukutani palikuwa na tangazo lenye sahihi yake mwenyewe: JARIBIO LISILOREKODIWA SI JARIBIO. Mkono wake ukaenda wenyewe kuwasha programu ya kurekodi skrini. Kisha akaisukuma ndoo kwa mpini wa ufagio mpaka katikati ya sakafu. Ndoo ikaonekana kwenye skrini palepale. Akarudia mara nne. Ndoo ilionekana mara zote nne, nyekundu, haina makosa.

Alikaribia kukata tamaa ndipo akakumbuka kwamba meza za ukumbini hazina programu hiyo. Kule rekodi huchukuliwa na kisanduku, kwa njia nyingine kabisa. Akaizima, huku akijisikia kama mtu anayetoka nje bila nguo. Akaiondoa ndoo, akasubiri kidogo, akaisukuma tena.

Skrini ilionyesha sakafu tupu.

Aligeuka. Ndoo ilikuwa sakafuni. Akatazama skrini, hapakuwa na ndoo. Akahesabu mpaka thelathini, na bado skrini ilikuwa na sakafu tu. Alipopunga mkono mbele ya kamera, picha yote ikachangamka, na pamoja na mkono ikaja ndoo, nzima nzima, kama kitu kilichokuwepo pale tangu asubuhi. Akaivuta nje kwa ufagio na kutulia. Sasa ndoo isiyokuwepo ikabaki kwenye skrini, imetulia tuli.

"Mwongo mkubwa wewe," aliiambia skrini.

Jambo lenyewe, kwa lugha ya nyumbani, lilikuwa hivi. Kichakataji kikuu hakipendi kwenda kwenye kumbukumbu kuu kila mara, kwa kuwa ni mbali. Kina kumbukumbu ndogo ubavuni mwake, iitwayo kache, na humo ndimo kinamoandika kwanza, kama karani anayeandika kwenye vikaratasi vya mezani akisubiri kulijaza faili baadaye. Skrini nayo huchorwa na kichakataji kingine, cha picha, ambacho hakijui habari za vikaratasi. Chenyewe hufungua faili na kusoma kilichomo.

Vichakataji vya zamani vilikuwa na mtambo wa ndani uliohakikisha wawili hawa wanaona kitu kimoja, na hakuna aliyelazimika kukumbusha. Vile vipya, vilivyobuniwa ili vitumie umeme kidogo, viliiachia programu kazi hiyo. Kiendeshi cha picha, ile programu inayosimamia skrini, ndicho kilichopaswa kuamuru kila mara: hamisha vikaratasi, jaza faili, sasa mwenzako asome. Bila amri hiyo, karani huhamisha pale tu meza yake inapojaa. Yadi ikiwa na pilikapilika meza hujaa upesi, na picha hufika bila mtu kushtuka. Lakini yadi ikiwa kimya, mtu mmoja akaingia na kutulia, hakuna cha kuijaza meza. Mtu huyo anabaki kwenye kikaratasi. Treni ikianza kwenda, picha nzima inabadilika, meza inajaa, naye anatokea akiwa amechelewa.

Kisanduku cha rekodi kilisoma kwa kupitia kwa karani, vikaratasi na vyote, kwa hiyo kilimwona Mihayo kwa sekunde zote kumi na moja. Nyamizi alisoma faili. Wote wawili walikuwa wamesema kweli. Na ile programu ya kurekodi skrini, iliyotumika karakana tu, ilikuwa na desturi ya kuamuru uhamisho kabla ya kuchukua picha. Kila walipojaribu walirekodi, na kila waliporekodi waliliponya gonjwa kwa muda ule ule wa kulitafuta. Sharti la kurekodi lilikuwa la Tusekile.

Alifungua maandishi ya kiendeshi. Pale amri ya kuhamisha ilipotakiwa kuwepo hapakuwa na kitu. Kuna mtu alikuwa ameiondoa. Akafungua historia ya mabadiliko, tayari ana majina matatu akilini ya watu aliopenda wawe wao, na la kwanza lilikuwa la bosi wake.

Ilikuwa imeondolewa miaka mitatu iliyopita, wakati wa vichakataji vya zamani. Madereva walilalamika kwamba picha inachelewa, mtu akapima, akaona amri ile inapoteza muda bila faida, akaifuta. Kando yake akaacha maneno machache: "Kazi bure. Nimeiondoa. T.M."

Alikumbuka makofi aliyopigiwa kwa kuiharakisha picha. Cheti bado kilikuwa sebuleni kwake, ndani ya fremu. Tusekile aliivuta ile ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake.

*

Bosi wake, Mzee Ntandu, alikuwa mkuu wa mifumo yote ya shirika, mtu mpole, mcheshi, aliyejua majina ya watoto wa kila mfanyakazi. Alimsikiliza Tusekile mwanzo mpaka mwisho bila kuuliza swali hata moja, na hilo peke yake lilimtia Tusekile wasiwasi.

"Marekebisho ni mstari mmoja?"

"Mmoja tu, mzee."

"Basi urudishe leo. Yadi zote kumi na moja."

Aliurudisha. Kufika saa kumi alasiri toleo jipya lilikuwa limeingia katika kila meza iliyokuwa imewashwa, kutoka Ngombelo mpaka ziwani. Hakulijutia hilo hata kidogo. Kulikuwa na mamia ya wafunga mabehewa waliokuwa wakisimama tuli mbele ya kamera zile, na kila mmoja alikuwa na miguu miwili. Aliporudi kutoa taarifa, Ntandu alikuwa akikoroga chai.

"Sasa lile kosa linaweza kuonekana tena?"

"Haliwezi."

"Vizuri." Akaonja chai. "Kwa hiyo hakuna cha kuonyesha."

Ndipo Tusekile alipoelewa kwa nini hakuulizwa maswali.

"Mzee, na Nyamizi?"

"Nyamizi ana rekodi yake na maneno yake aliyoyatamka kwa mdomo wake."

"Rekodi haikuona alichokiona yeye! Nimekueleza."

"Umenieleza mimi. Keti, Tusekile. Keti, mwanangu." Ntandu alisema taratibu, na huzuni yake ilionekana ya kweli, jambo lililozidi kumtisha. "Ukilisema hili, tume itazisimamisha treni zote mpaka kila skrini nchini ikaguliwe. Mwezi, pengine miwili. Mikoa mitatu haina mvua mwaka wa pili huu, inakula mahindi tunayoyapeleka sisi. Halafu watauliza nani aliufuta ule mstari. Mwanao mdogo, Anyisile, yuko darasa la ngapi sasa? La tano? Na kaka yake ndio kwanza anaingia sekondari. Nyamizi hana mtoto."

Sentensi ile ya mwisho aliitamka kama anasoma saa.

Jioni, Tusekile alikaa uani akichambua mchele, na mawe yaliyokuwemo yalimpita kwenye vidole bila kuyaona. Nisiseme uongo kwa niaba yake: kwa muda wa saa nzima alikubaliana na Ntandu. Kosa limerekebishwa. Hakuna atakayeumia tena. Watoto wake wataendelea kuwa na mama. Mahindi yatafika. Hesabu ilikuwa nzuri kila alipoirudia, na ndiyo maana akaishuku. Aliwahi kupata jibu zuri namna hiyo miaka mitatu iliyopita, akapigiwa makofi. Na kila alipofika mwisho wa hesabu yake alikutana na msichana mrefu mwenye macho yaliyovimba, aliyesema kweli tupu, akaambiwa hata macho yake yanadanganya.

Ndipo alipokumbuka meza namba nne, aliyokuwa akiitumia Nyamizi. Polisi waliizima siku ileile ya ajali na kuizungushia utepe. Toleo jipya liliingia katika meza zilizowashwa tu.

Akaacha ungo. Kama yeye amelikumbuka, nani amemwambia Ntandu hakulikumbuka?

*

Tume ilikuwa ikutane ukumbini saa tatu asubuhi. Tusekile alifika saa mbili, akamkuta Ntandu peke yake, kikombe mkononi, amesimama kando ya meza namba nne.

"Nimepita kuona kama pamefagiliwa," alisema Ntandu.

Utepe wa polisi ulikuwa mahali pake, ila kona moja ilikuwa imebanduka. Jana ilikuwa imebanduka? Tusekile alijitahidi kukumbuka, akashindwa.

Mwenyekiti wa tume alikuwa Bi Kashindye, mwanasheria mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, asiyependa kupotezewa wakati. Alikuja na wajumbe wawili na karani. Nyamizi aliketi nyuma na askari wake.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Tusekile alisema alipoitwa asome ripoti, "kabla sijasoma naomba niwaonyeshe jambo. Ni meza ileile na kichwa kilekile cha treni. Magurudumu yamewekewa kabari na umeme wa kukiendesha umekatwa. Naomba Nyamizi akae kwenye kiti chake, nanyi msimame nyuma yake. Mimi nitakwenda nje na redio. Mtaniambia mnachokiona."

Bi Kashindye alimgeukia Ntandu. "Shirika linasemaje?"

"Hatuna pingamizi," alijibu Ntandu, haraka mno.

Askari akaondoa utepe. Tusekile alichomoa kwanza waya wa mtandao unaoleta matoleo mapya, akauacha wa kamera, ndipo akaiwasha meza. Picha ikaja: reli mbili, mataruma, nyasi kavu. Namba ya toleo ilisomeka ya zamani, lakini namba ni maandishi tu, na mwenye funguo kama za Ntandu angeweza kubadilisha programu yote na kuiacha namba palepale. Hakukuwa na njia ya kujua ila kwenda kusimama.

Alitoka kwa mlango wa pembeni. Wafunga mabehewa walikuwa wameombwa wakae kantini. Hapakuwa na upepo. Alizunguka nyuma ya behewa, akavuka kokoto, akaingia katikati ya reli, hatua tano mbele ya kichwa cha treni. Akainua mkono wa kulia. Wa kushoto ulishika redio kifuani.

Chuma kile kilikuwa kikubwa kuliko alivyokuwa akikiona kwenye rekodi. Alijua kina kabari, aliziweka mwenyewe, na bado alitamani kurudi nyuma. Jicho jeusi la kamera lilimtazama. Alihesabu kumi na moja, na redio ikawa kimya. Akaendelea kuhesabu. Alijua wanavyomwona, kama wanamwona: mama mzima amesimama relini kainua mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, Ntandu anakunywa chai, Bi Kashindye anatazama saa. Wangemvumilia kidogo kwa heshima, kisha wangemwita ndani asome ripoti yake, na Nyamizi angerudishwa rumande. Pasingekuwa na meza nyingine ambayo haikuguswa tangu ajali. Ishirini. Bega lilianza kumuuma. Hakulitikisa. Thelathini.

Redio ikakoroma.

"Mhandisi Mwambene." Ilikuwa sauti ya Bi Kashindye, imejaa uchovu. "Tumesimama hapa tunakusubiri wewe. Unaingia relini saa ngapi?"

Machozi yalimtoka Tusekile bila yeye kusogeza hata kope.

"Mnaona nini, mheshimiwa?"

"Tuone nini? Reli tupu."

"Muulize Nyamizi anaona nini."

Kisha sauti nyingine ikaja kwa mbali, imekatikakatika.

"Reli tupu, dada. Ni hivihivi. Wallahi ilikuwa hivihivi."

"Mheshimiwa, naomba utoke nje. Mlango wa kushoto."

Mlango ulifunguka. Bi Kashindye alitokea kizingitini, karani nyuma yake na faili kifuani, akasimama ghafla. Kati yao palikuwa na hatua kama arobaini. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa. Akarudi ndani. Akatoka tena. Kisha akashuka ngazi na kuja moja kwa moja juu ya kokoto, viatu vyake vya ofisini vikiyumba, mpaka akafika. Akaushika ule mkono ulioinuliwa, akaubinya kama anayepima kitambaa dukani, akaushusha taratibu.

"Umesimama hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu nilipotoka."

"Ni nini hiki?"

"Ni kosa la programu, mheshimiwa. Kuna mstari uliondolewa. Skrini haiambiwi kila kilichopo."

"Nani aliuondoa?"

Ntandu naye alikuwa ametoka, amesimama mlangoni. Alikuwa akimtikisia Tusekile kichwa polepole, kama mzazi anayemkanya mtoto mbele ya wageni.

"Mimi," alisema Tusekile.

Bi Kashindye alimtazama. Ugumu uliokuwa usoni pake tangu asubuhi ulikuwa umeondoka, na kilichochukua nafasi yake hakikuwa huruma.

"Karani. Penye mtuhumiwa umeandika nani?"

"Nyamizi Lusasi, mheshimiwa."

"Kata."

Karani alilaza faili juu ya mkono wake, akakata. Kisha akabaki na kalamu juu ya karatasi, akiwatazama wote wawili kwa zamu, hajui aulize au asiulize.

"Tusekile Mwambene," Tusekile alimwambia, na karani akaandika.